Boriti, Udongo na Kibali: Historia ya Ukarabati wa Nyumba za Kijijini katika Delta ya Rufiji na Kibiti, 1898–2024

1.0 Utangulizi

Historia ya ujenzi katika pwani ya Tanzania imeandikwa kwa kiasi kikubwa kutokana na mawe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, pamoja na nyumba za mawe za Unguja na Lamu, yamepata watafiti, wachoraji wa ramani na mafundi wa kuyahifadhi. Nyumba ya miti na udongo, ambayo ndiyo iliyowapa makazi watu wengi wa vijiji vya pwani, haikupata nafasi hiyo. Sababu mojawapo ni ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba ambayo paa lake hubadilishwa kila baada ya miaka michache, kuta zake hukandikwa upya baada ya mvua, na nguzo zake hutolewa moja moja kadiri zinavyooza, haiwezi kuthibitisha umri wa namna hiyo, hata kama kiwanja chake kimekaliwa na ukoo mmoja kwa vizazi kadhaa.

Insha hii inachunguza historia ya ukarabati wa nyumba hiyo katika delta ya Rufiji na maeneo ya Kibiti, tangu mwaka 1898 hadi mafuriko ya mwaka 2024. Hoja kuu ni kwamba uhai wa nyumba ya delta haukutegemea ustadi wa kuijenga pekee, bali ulitegemea uwezo wa mwenyewe kuufikia msitu wa mikoko wakati anapouhitaji. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, serikali zilizofuatana ziliutazama msitu huo kama chanzo cha mapato au kama mali ya kuhifadhiwa. Mitazamo hiyo miwili ilitofautiana katika mengi, lakini ilifanana katika jambo moja: hakuna uliompa nafasi ya wazi mtu anayehitaji nguzo moja ili nyumba yake isianguke.

Eneo linalohusika ni vijiji vya visiwani na kandokando ya mito ya delta, kama vile Salale, Msala, Kiongoroni, Maparoni na Mbuchi, pamoja na vijiji vya nchi kavu vilivyo karibu na barabara ya Kilwa. Maeneo hayo yalikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi Wilaya ya Kibiti ilipomegwa katika muongo wa 2010.

2.0 Nyumba na Mzunguko wa Matengenezo Yake

Katika nyumba ya delta, kiunzi hutangulia ukuta. Nguzo husimikwa ardhini, juu yake hulazwa mitambaapanya, kisha makombamoyo hupandishwa hadi kwenye mgongo wa paa. Mapau hufungwa kukingama makombamoyo, na makuti hufungwa juu ya mapau. Ukutani, fito hufungwa kwa kamba pande zote mbili za nguzo, na nafasi iliyobaki katikati hujazwa udongo. Udongo ukikauka hupasuka. Nyufa hutomelewa, kisha uso wa ukuta husiribwa kwa udongo laini au kwa chokaa.

Miti ya kazi hiyo katika delta ni mikoko. Mkoko wenyewe, msinzi na mkandaa hutoa miti iliyonyooka, migumu, yenye tanini nyingi, na inayostahimili mchwa kuliko miti mingi ya porini. Wafanyabiashara na mafundi huigawa kwa unene: fito kwa ajili ya kuta, mapau kwa ajili ya paa, boriti kwa ajili ya kubeba uzito, na nguzo kwa ajili ya kusimika. Msamiati huu wa biashara ni msamiati wa nyumba pia, kwa kuwa kila daraja lina mahali pake katika jengo.

Jambo la msingi kwa historia ya ukarabati ni kwamba uzito wa paa hubebwa na kiunzi, si udongo. Mvua au mafuriko yakiosha udongo, nyumba hubaki imesimama ikiwa na mbavu zake, na inaweza kukandikwa tena. Nguzo zikioza, hata ukuta uliosiribwa vizuri hauwezi kuiokoa. Kuoza huanzia usawa wa ardhi, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Fundi huegemeza mtambaapanya kwa mwega, huiondoa nguzo mbovu, husimika nyingine kando ya shimo la zamani, kisha hufunga fito na kukandika sehemu iliyobomolewa. Nyumba hutengenezwa huku wenyewe wakiendelea kuishi ndani yake.

Kwa hiyo sehemu za nyumba moja zina umri tofauti. Kuta hushughulikiwa baada ya masika. Makuti ya viungo huhitaji kubadilishwa baada ya takriban miaka mitatu hadi mitano, kutegemea ubora wake na moshi wa jikoni unaofukuza wadudu. Nguzo hubadilishwa kila moja kwa wakati wake. Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta huchukulia kuziba na kujenga kuwa ni mambo mawili yenye gharama tofauti. Katika nyumba ya udongo tofauti hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu ukuta wenyewe ni matokeo ya nyufa zilizozibwa mwaka baada ya mwaka.

Mzunguko huo ulihitaji watu. Kukata miti, kuchimba mashimo na kuezeka kwa kawaida zilikuwa kazi za wanaume. Kuchota maji na kusiriba zilikuwa kazi za wanawake, na udongo ulikandwa na vijana wa pande zote. Kazi kubwa zilifanywa kwa ujima, mwenye nyumba akiandaa chakula. Utaratibu huo ulimsaidia aliyekuwa na ndugu wengi. Mjane au mzee aliyebaki peke yake alikabiliwa na hatari mapema zaidi, si kwa sababu nyumba yake ilijengwa vibaya, bali kwa sababu hakuwa na wa kumkatia nguzo ilipohitajika.

3.0 Kodi ya Nyumba na Msitu wa Serikali, 1895–1961

Utawala wa Kijerumani ulibadilisha uhusiano huo kwa njia mbili zilizokutana ndani ya muda mfupi. Amri ya ardhi ya mwaka 1895 ilitangaza kuwa ardhi yote iliyohesabiwa kutokuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Mwaka 1898 mikoko ya delta ya Rufiji ikawekwa chini ya hifadhi, na kwa mujibu wa Thaddeus Sunseri, aliyeandika historia ya misitu ya Tanzania, hiyo ndiyo iliyokuwa hifadhi ya kwanza ya misitu katika koloni hilo. Sababu yake haikuwa kuulinda msitu kwa ajili yake wenyewe. Delta ilitoa boriti na magome yaliyouzwa nje, na serikali ilitaka kupata sehemu yake ya mapato.

Mwaka huohuo wa 1898 ilianza kutozwa kodi ya nyumba iliyoamriwa mwaka uliotangulia. Nyumba ya kawaida ya kijijini ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Kwa hatua hizo mbili, nyumba iligeuka kuwa kipimo cha kodi, na msitu ulioitunza ukawa mali ya mtoza kodi. Mwenye nyumba chakavu alilipa sawa na mwenye nyumba mpya, kwa kuwa kodi ilihesabu paa na haikuuliza hali ya paa hilo. Aliyetaka kuitengeneza alikuta miti ya kutengenezea ina mlinzi.

Sunseri ameeleza kwamba udhibiti wa misitu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoandaa mazingira ya Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, karibu na ukingo wa kusini wa delta, tarehe 4 Agosti 1905. Haitakuwa sahihi kudai kwamba watu walipigana kwa sababu ya nguzo za nyumba. Hata hivyo, manung'uniko dhidi ya kodi, kazi za kulazimishwa na marufuku ya misitu yalikutana mahali pamoja, nyumbani kwa mkulima. Hapo ndipo fedha ilipodaiwa na nguvukazi ilipochukuliwa, na hapo ndipo upungufu wa miti ulipoonekana.

Waingereza hawakuuvunja mfumo huo. Mwaka 1928 misitu ya mikoko ya pwani ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi, na ukataji ukaendelea kwa leseni na ada. Mkazi wa delta alizaliwa, akalima mpunga na akazikwa ndani ya eneo ambalo ramani ya serikali iliita msitu wa hifadhi.

4.0 Boriti ya Korija na Boriti ya Kiraka

Kwa karne nyingi boriti za Afrika Mashariki zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Unguja na Lamu, na pia vya nyumba za miji ya Ghuba. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers alifika delta ya Rufiji ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti, na safari hiyo aliieleza katika kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotolewa mwaka 1940. Shehena hiyo ilipakiwa na mabaharia ambao makwao boriti ilikuwa bidhaa ya lazima kwa kila paa.

Biashara hii ilihesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Leseni, ada, malipo ya wakataji na nafasi ndani ya jahazi vyote vilipangwa kwa wingi huo. Ukarabati una hesabu nyingine. Mwenye nyumba anahitaji nguzo mbili mwezi huu, fito chache baada ya masika, na pengine asihitaji kitu kwa miaka miwili inayofuata. Mahitaji yake ni madogo, hayatabiriki, na hayasubiri: nguzo iliyooza kabla ya mvua haiwezi kungoja msimu wa leseni. Utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya shehena ulikuwa mzito kwake kwa sababu ya umbali wa ofisi, muda wa safari ya mtumbwi na fedha taslimu, hata kama kiasi alichotaka kilikuwa kidogo.

Upo pia upande wa msitu wenyewe. Miti iliyonyooka zaidi ndiyo iliyokuwa na thamani sokoni, na ndiyo iliyotangulia kukatwa katika mito inayofikika kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba paa la mbali lilichagua kwanza. Kjell Havnevik, katika utafiti wake wa Rufiji uliochapishwa mwaka 1993, aliihesabu biashara ya boriti kuwa sehemu ya uchumi wa wakazi na si uporaji wa watu wa nje pekee. Wakataji wengi walikuwa wanavijiji waliohitaji fedha. Mtu yuleyule aliweza kukata korija kadhaa kwa ajili ya tajiri, kisha akarudi kwenye nyumba iliyoegemezwa kwa mwega.

5.0 Uhamisho na Nyumba Bora, 1968–1977

Baada ya uhuru, suala la nyumba lilichukua sura mpya. Katika bonde la Rufiji, juu ya delta, wakulima walikuwa na utaratibu wa makazi uliofuata mwendo wa maji. Shambani walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia zilikaa kulinda mazao na kuyakwepa maji. Dungu lilikuwa jepesi, na matengenezo yake yalikuwa sehemu ya kazi za kilimo za kila msimu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kufuatia mafuriko, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi wa bondeni katika vijiji vya nchi ya juu. Lengo lilikuwa kuwaepusha na maafa na kuwasogezea shule, zahanati na maji. Faida hizo zilikuwa za kweli. Lakini uhamisho uliukata mzunguko wa matengenezo. Nyumba zilizoachwa hazikufikia mwisho wake wa kawaida, na zile za vijiji vipya zilijengwa kwa haraka na kwa miti iliyopatikana karibu, mbali na mashamba ambayo bado yalihitaji walinzi. Kaya moja ikawa na mahali pawili pa kutengeneza, kijijini na shambani, kwa nguvukazi ileile.

Katika kipindi hichohicho wazo la nyumba bora lilienea nchini. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa kimeanza uzalishaji mwaka 1966, na kwa watu wengi saruji na bati vilikuwa alama ya maendeleo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamikia tabia ya kungojea bati na saruji ilhali matofali ya kuchoma na vigae vingeweza kutengenezwa vijijini. Ukosoaji huo ulielekezwa kwenye kasumba, na kwa kiwango hicho ulikuwa sahihi. Hata hivyo, mjadala wote ulihusu nyumba mpya zijengwe kwa nini. Ni nadra kukuta swali la nyumba zilizopo zitunzwe vipi. Nyumba ya udongo ilihesabiwa kuwa hatua ya kupita, na kitu kinachohesabiwa kuwa cha kupita hakitengewi mpango wa matengenezo.

6.0 Marufuku ya 1987 na Kanda Nne za Msitu

Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko. Hofu iliyosababisha hatua hiyo haikuwa ya kubuni: delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, ulio mkubwa kuliko mingine katika pwani ya Afrika Mashariki, na ambao ni mazalia ya kamba na samaki. Mwaka 1991 ulikamilika mpango wa usimamizi wa mikoko yote ya Tanzania Bara, ulioandaliwa chini ya uongozi wa mtaalamu wa mimea ya bahari, Adelaida Semesi. Mpango huo uliigawa misitu katika kanda nne: ya ulinzi kamili, ya uvunaji, ya maeneo yaliyoharibika yanayohitaji kupumzishwa, na ya matumizi ya maendeleo.

Kwa upande wa sayansi, mpango huo ulikuwa hatua kubwa, kwa kuwa ulikubali kwamba uvunaji unaweza kuwapo bila kuumaliza msitu. Kwa mwenye nyumba, maana yake ilitegemea kanda ambamo kijiji chake kiliangukia na umbali hadi kanda ya uvunaji. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilifungua njia ya usimamizi shirikishi, huku ukataji ndani ya hifadhi ukiendelea kuhitaji kibali. Mwaka 2012 watafiti Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walichapisha makala iliyohoji mwelekeo wa kuwatazama wakazi wa delta kama wavamizi wa msitu, nayo ikazua mjadala mkali miongoni mwa wanataaluma. Mjadala huo ulihusu zaidi mashamba ya mpunga na fedha za kaboni. Nyumba haikutajwa sana, ingawa ndiyo ushahidi wa kila siku kwamba watu na msitu huo wameishi pamoja.

Athari ya udhibiti kwa ukarabati haikuwa kukoma kwa matengenezo. Nguzo iliyooza lazima ibadilishwe. Kilichobadilika ni hadhi ya tendo lenyewe: kazi ambayo zamani ilitangazwa ili watu waje kwa ujima, bila kibali ikawa kazi ya kufanywa kimya kimya. Kazi ya kificho haiwezi kuita watu wengi, na mti unaokatwa kwa haraka huchaguliwa kwa ukaribu wake, si kwa kufaa kwake.

7.0 Bati, Saruji na Maji

Jibu la wengi limekuwa kubadili vifaa. Barabara ya lami kutoka Dar es Salaam imeirahisishia Kibiti upatikanaji wa bati, nondo na saruji. Kwa vijiji vya visiwani safari haiishii hapo. Vifaa hupita bandari ndogo kama Nyamisati na kupakiwa kwenye mashua, na kila mfuko wa saruji huongezeka bei kwa kila mkono unaoupakua. Matokeo ni nyumba za mchanganyiko: kiunzi cha mikoko chini ya bati, au ukuta wa bloku upande wa mbele na wa udongo upande wa uani.

Bati huondoa kazi ya kuezeka mara kwa mara, na hiyo ni nafuu kubwa kwa wasio na nguvukazi. Lakini upepo wa chumvi huliozesha, na joto lake huingia ndani. Zege lililochanganywa kwa mchanga au maji ya chumvi huzila nondo zake kutoka ndani. Tofauti kubwa iko katika namna ya kuharibika. Ukuta wa udongo huonesha ugonjwa wake mapema, na mwenyewe huutibu kwa udongo wa uani. Nondo huoza bila kuonekana, na zege likipasuka, tiba yake hununuliwa mbali.

Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofuatia mvua kubwa za El Niño, yalizingira nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mapema Mei Kimbunga Hidaya nacho kikafika pwani. Matukio kama hayo hupima kila aina ya ujenzi. Ukuta wa matofali mabichi ukilowa chini huanguka pamoja na paa linaloutegemea. Nyumba yenye kiunzi imara hupoteza udongo na kubakiza paa. Hata hivyo, faida hiyo hupatikana pale tu nguzo zilipokuwa zikibadilishwa kwa wakati. Nyumba ya kiunzi ambayo haikupata nguzo mpya kwa miaka mingi haina cha kujivunia mbele ya maji.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba nyumba ya kijijini katika delta ya Rufiji ilidumu kwa matengenezo yaliyotegemea mambo matatu: miti, watu na wakati mwafaka. Hifadhi ya mwaka 1898 na ile ya mwaka 1928 ziliigusa miti. Uhamisho wa mwishoni mwa miaka ya 1960 uliwagusa watu. Marufuku ya mwaka 1987 na mfumo wa vibali uliofuata viliugusa wakati, kwa kuwa mwenye nyumba hakuweza tena kutengeneza pale nyumba ilipomtaka atengeneze. Nyumba iliyoanguka baada ya hapo ilionekana kuwa ushahidi wa udhaifu wa udongo, ilhali mara nyingi ilikuwa ushahidi wa nguzo iliyokosekana.

Mambo mawili yanafuata. Kwa wanahistoria, umri wa nyumba ya aina hii haupaswi kutafutwa katika kifaa chake cha zamani zaidi, bali katika mfululizo wa matengenezo: nani alibadilisha nguzo ipi, lini, na mti ulitoka mto gani. Kumbukumbu hizo zimo vichwani mwa mafundi na wazee wa vijiji, na hupotea pamoja nao. Kwa wasimamizi wa misitu, historia hii inaonesha haja ya kuutenga uvunaji wa ukarabati na uvunaji wa biashara, kwa kibali kinachotolewa kijijini, kwa idadi ndogo na kwa haraka. Msitu unaohesabiwa kwa hekta na boriti zinazohesabiwa kwa korija vimekwisha kupata sheria zake. Nguzo moja ya nyumba moja bado inangoja yake.